Siku saba kwenye njia ya maji, kutoka vilima vya Cochabamba hadi El Alto

Wageni wengi wanaokwenda Bolivia kutafuta habari za Vita vya Maji vya mwaka 2000, maandamano yaliyoiondoa kampuni binafsi ya maji mjini Cochabamba, hupelekwa moja kwa moja kwenye kiwanja kikuu cha Cochabamba. Huonyeshwa roshani ambayo viongozi waliitumia kuhutubia, hupiga picha, huondoka. Njia hiyo inaanzia mwishoni. Kiwanjani ndipo watu walipokutana, lakini kilichowakutanisha kiko kwenye mapipa ya vilima vya kusini, kwenye mifereji ya wakulima wa Tiquipaya na ndani ya mkataba wa miaka 40 ulioipa kampuni hiyo maji ya mji. Ratiba hii ya siku saba inapita huko kwanza, kisha inapanda hadi El Alto, ambako watu waliingia barabarani kwa ajili ya maji miaka 5 baadaye, kwa sababu zao.

Mambo mawili ya kupanga mapema. Cochabamba iko mita 2,560 hivi juu ya usawa wa bahari na El Alto inazidi mita 4,000, kwa hiyo kuanzia Cochabamba kunaupa mwili siku kadhaa za kuzoea hewa nyembamba. La pili ni majira. Kuanzia Mei hadi Oktoba hakuna mvua ya maana bondeni, na hapo ndipo biashara ya maji inapoonekana waziwazi. Anayekwenda Januari hukuta mapipa yamejaa maji ya paa, akadhani shida imekwisha.

Siku ya 1: Kusini, bomba lisikofika

Magari madogo ya abiria, yanayoitwa trufi, huondoka karibu na soko la La Cancha na kuelekea vilima vya kusini, sehemu inayoitwa Zona Sur. Lami inapokatika ndipo mapipa yanapoanza kuonekana nje ya mageti. Pipa moja, turril kwa lugha ya huko, ni lita 200, yaani madumu 10 ya lita 20. Boza linapopita, mwenye nyumba hutoka, mpira hushushwa, pipa hujazwa na pesa hulipwa papo hapo. Familia ya watu watano ikitumia pipa moja kwa siku, kila mtu amepata lita 40 za kunywa, kupika, kufua, kuoga na kusafishia choo. Mkazi wa Dar es Salaam au Nairobi aliyewahi kungoja boza hana la kushangaa hapa. Kila lita inagharimu mara kadhaa ya lita ya bombani, na anayeilipia ni yule mwenye kipato kidogo zaidi mjini.

Mambo huharibika kwa njia zinazojulikana. Pipa la chuma hushika kutu ndani na maji hubadilika rangi. Mpira wa boza huburutwa kwenye vumbi kisha huingizwa pipani. Maji hukaa siku mbili tatu bila mfuniko wa kubana. Mvua ikinyesha, barabara za udongo huteleza na boza halipandi tena hadi nyumba za juu, hivyo wa juu hununua kwa bei kubwa zaidi au hubeba kwa mikono. Maboza mengi hujaza kwenye visima vya watu binafsi kaskazini mwa mji, na mnunuzi hana namna ya kujua maji ya leo yametoka kisima gani.

Ndiyo maana mitaa mingi ilijichimbia visima yenyewe. Wakazi wengi wa vilima hivi ni wachimbaji wa bati na jamaa zao, waliohamia baada ya bei ya bati kuanguka mwaka 1985 na migodi ya serikali kufungwa. Walikuja na desturi ya chama cha wafanyakazi: mkutano, daftari la mahudhurio, faini kwa asiyefika. Kisima cha mtaa hujengwa kwa desturi hiyohiyo. Kwanza huundwa kamati ya maji. Kila familia huchanga fedha, na pia hudaiwa siku za kazi za kuchimba mitaro ya mabomba. Asiyekuja hulipa faini au humlipa kibarua. Mchimbaji wa kisima huajiriwa, bomba la ukuta wa kisima hushushwa, kokoto huzungushiwa kwenye vichujio, pampu ya kuzamisha ya umeme huwekwa, tangi hujengwa mahali pa juu ili maji yashuke yenyewe, kisha kila nyumba hufungiwa dira. Malipo ya mwezi hufuata namba ya dira.

Makosa matatu ndiyo huua visima hivi. La kwanza ni kuchimba kupita tabaka la chumvi bila kuliziba. Maji ya ardhini ya kusini yana chumvi, na tabaka moja lisilozibwa huharibu kisima kizima. La pili ni kushusha pampu hadi karibu na sakafu ya kisima ili kupata maji zaidi. Hapo huvuta mchanga na panga zake hulika mapema. La tatu ndilo la kawaida zaidi: kamati huweka bei inayotosha bili ya umeme tu. Siku mota inapoungua hakuna akiba, mtaa mzima unarudi kwenye boza, na michango inaanza upya.

Tunakaa hapa siku nzima kwa sababu bila kuona kazi hii, yaliyofuata hayaeleweki. Serikali ya Bolivia ilipotia saini mkataba wa maji ya Cochabamba tarehe 3 Septemba 1999, haikukabidhi mabomba ya mji peke yake. Kampuni, Aguas del Tunari, ilipewa haki ya pekee katika eneo lote la mkataba, na chini ya utaratibu huo visima vya ushirika vingeweza kufungiwa dira za kampuni, gharama ya dira ikibebwa na wenye kisima. Mtu aliyechimba mtaro kwa sululu yake angelipia maji yake mwenyewe kwa kampuni ambayo haikuwahi kuleta hata kipande cha bomba mtaani kwake. Husemwa sana kwamba hata maji ya mvua yaliuzwa. Msemo huo ulienea kwa sababu ya haki hiyo ya pekee: watu walijiuliza, kama kisima changu ni cha kampuni, paa langu je?

Siku ya 2: Tiquipaya, maji yanayohesabiwa kwa saa

Tiquipaya iko kaskazini magharibi, chini ya safu ya mlima Tunari. Hapa maji ya kilimo hutoka kwenye maziwa na mabwawa madogo yaliyo juu milimani. Wakati wa kiangazi maji hufunguliwa, hushuka kwa korongo, hukamatwa na banio na kuingizwa kwenye mifereji ya mashamba.

Hakuna anayelipia ujazo. Haki ni zamu, kwa Kikechua mit'a, na zamu huhesabiwa kwa saa. Familia fulani ina saa mbili, nyingine nusu saa, na mzunguko ukikamilika unaanza tena. Haki hiyo hupatikana na kulindwa kwa kazi: kusafisha mfereji kabla ya msimu, kukarabati banio lililobomolewa na mafuriko, kupanda mlimani kufungua lango. Asiyefanya kazi hupoteza zamu. Kuna mtu aliyechaguliwa kusimamia zamu, na mizozo huamuliwa mkutanoni.

Utaratibu huu una matatizo yake. Maji yakianza kushuka, mfereji mkavu hunywa sehemu ya kwanza, hivyo wa mwanzo wa mzunguko hupata kidogo kuliko wa katikati. Ndiyo sababu mahali pengine mpangilio wa zamu hubadilishwa ili hasara isimwangukie mtu mmoja kila mara. Usiku kuna wizi: jiwe moja likisogezwa kwenye mchepuko, maji ya mwenzako yanaingia kwako. Kwa hiyo mwenye zamu huufuata mfereji wake kwa miguu, tochi mkononi, saa nane usiku kama zamu ndivyo inavyoangukia.

Wamwagiliaji wa bonde hili walijiunga katika shirikisho lao, FEDECOR, likiongozwa na Omar Fernández. Sheria namba 2029 ya tarehe 29 Oktoba 1999 ilitambua wenye leseni, na haikuzitambua zamu hizi za mababu. Mkulima mwenye saa mbili za maji alizorithi kwa babu yake hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Wa kwanza kusoma sheria ile na kushtuka walikuwa wakulima hawa na wahandisi wachache wa mjini waliowasaidia kuisoma, miezi kabla bili ya kwanza haijapanda. Katika simulizi nyingi za mambo haya bili ndiyo hupewa sifa zote, na tunaona huko ni kuwadhulumu wakulima.

Siku ya 3: Quillacollo, Vinto na Sipe Sipe

Siku fupi. Trufi za kuelekea magharibi ni nyingi, na miji hii imekwisha kuungana na Cochabamba.

Kinachofaa kujulikana hapa ni kwamba ugomvi wa maji bondeni haukuanza na kampuni ya kigeni. Katika miaka ya 1990 shirika la maji la manispaa, SEMAPA, shirika la umma, lilichimba visima virefu huku ili kupeleka maji mjini. Wakulima walipinga kwa nguvu. Sababu yao ni ya kiufundi na ni ya kweli: pampu kubwa ikivuta kwenye kisima kirefu, usawa wa maji ardhini hushuka kuizunguka kwa umbo la faneli, na visima vifupi vilivyo ndani ya faneli hiyo hukauka ingawa hakuna aliyevigusa. Mgogoro huo uliitwa vita vya visima, na ndio uliowafundisha wamwagiliaji kufunga barabara na kujadiliana na serikali.

Kwa hiyo mwaka 2000 wakulima hawakuwa wakiililia SEMAPA. Walikuwa na kisa nayo. Kwamba watu hao walikubali kusimama pamoja na wakazi wa mjini, waliotaka SEMAPA irudi, si jambo dogo hata kidogo.

Siku ya 4: Kiwanja cha 14 de Septiembre

Sasa kiwanjani. Kuna kanisa kuu upande mmoja, makao ya mkoa upande mwingine, na vibaraza vyenye matao pembeni. Ofisi ya shirikisho la wafanyakazi wa viwandani, Fabriles, ilikuwa ghorofani ikitazama kiwanja. Katibu wake, Oscar Olivera, alikuwa fundi wa kiwanda cha viatu. Kwenye roshani hiyo lilitundikwa bango jekundu lenye maneno ya Kihispania yanayosema maji ni yetu, likimalizika kwa tusi ambalo kila mtu wa Bolivia analijua.

Kwanza mkataba, kwa sababu hasira ilitoka humo. Zabuni ilipata mzabuni mmoja tu, Aguas del Tunari. Mwenye hisa kubwa, asilimia 55, alikuwa International Water, kampuni ya Bechtel ya Marekani, ambayo baadaye Edison ya Italia iliingia ubia nayo. Abengoa ya Hispania ilikuwa na asilimia 25, na kampuni nne za Bolivia zikagawana iliyobaki. Mkataba ulihakikisha faida ya asilimia 15 hadi 17 kila mwaka kwa miaka 40. Bei zilifungwa kwenye dola. Juu ya hayo kampuni ilibeba madeni ya SEMAPA na gharama za mradi mkubwa wa bwawa la Misicuni, na serikali haikuweka ruzuku. Jumlisha hayo yote: kila gharama ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni bili ya mkazi.

Bili za Januari 2000 zilipofika, kampuni ilisema wastani wa ongezeko ni asilimia 35. Watu walileta karatasi zao mkononi, na nyingi zilionyesha kiasi kimepanda maradufu au zaidi. Familia zilizoishi kwa kima cha chini cha mshahara, pungufu ya dola 70 kwa mwezi, zilidaiwa dola 15 au 20. Kampuni ilijitetea kwamba baadhi ya watu walikuwa wametumia maji mengi zaidi kwa kuwa saa za maji kutoka bombani zimeongezwa. Huenda kwa baadhi ilikuwa hivyo. Lakini mtu aliyekuwa akifungua koki ikatoa hewa hakuelewa kwa nini alipie maboresho kabla hayajamfikia.

Muungano ulikwisha kuundwa tarehe 12 Novemba 1999: Coordinadora ya kutetea maji na uhai. Ndani yake walikuwamo wafanyakazi wa viwandani, wamwagiliaji, kamati za maji za kusini, walimu, wahandisi na wanamazingira. Njia zao zilipandishwa ngazi kwa ngazi, na ngazi hizo zinafaa kuangaliwa na yeyote anayepanga jambo kama hili. Januari, barabara zilifungwa kwa siku 3 kuanzia tarehe 11, na bili zikachomwa hadharani. Tarehe 4 Februari ilitangazwa kuingia mjini kwa amani na kuushika mji kwa siku moja kama ishara. Serikali ilileta polisi wapatao 1,000, na mapambano yakachukua siku 2. Watu 175 waliumia, wawili kati yao wakapofuka. Serikali ikarudisha bei za zamani kwa muda wa miezi 6.

Hapo ndipo mapambano mengi hufa: bei imeshuka, watu wanarudi kazini, mkataba unabaki. Coordinadora haikuita maandamano mengine mara moja. Mwezi Machi iliitisha kura ya wananchi, isiyo ya serikali, kwa meza zilizowekwa viwanjani na mitaani. Watu wapatao 50,000 walipiga kura, na zaidi ya asilimia 95 walikataa mkataba. Serikali ilisema kura haina nguvu ya kisheria. Lakini kura ile ilifanya kazi mbili: iliwapa viongozi agizo la wazi, kuvunja mkataba na si kujadili bei tena, na ilijenga mtandao wa watu wa kila meza, ambao wiki moja baadaye walijua nani amwite nani.

Jumanne tarehe 4 Aprili barabara zilifungwa bila kikomo. Kiwanja kilijaa. Vijana walifunika pua kwa vitambaa vilivyolowekwa siki ili kupunguza makali ya mabomu ya machozi, akina mama walipika vyungu vya pamoja, na maamuzi yalitolewa kwenye mkutano wa wazi hapahapa, watu wakijibu kwa sauti. Usiku wa Alhamisi viongozi walikamatwa wakiwa kwenye mazungumzo katika jengo la mkoa. Ijumaa ilitangazwa kwamba mkataba umevunjwa, watu wakashangilia, kisha serikali kuu ikakanusha. Jumamosi tarehe 8 Aprili rais Hugo Banzer, aliyewahi kutawala kwa mtutu kuanzia 1971 hadi 1978, alitangaza hali ya hatari. Viongozi waliokamatwa usiku wa kuamkia siku hiyo walisafirishwa hadi San Joaquín, mbali kaskazini katika mkoa wa Beni. Olivera alijificha.

Siku hiyohiyo Víctor Hugo Daza, kijana wa miaka 17, alipigwa risasi usoni akafa. Kamera ya televisheni ilikuwa imemnasa kapteni wa jeshi aliyevaa kiraia, Robinson Iriarte, akipiga risasi kuelekea umati. Mahakama ya kijeshi ilimwachia na akapandishwa cheo. Mwili wa Daza uliletwa kiwanjani, na baada ya hapo hapakuwa na mtu wa kuwaambia watu warudi nyumbani.

Kosa la serikali lilikuwa kuwakamata viongozi na kudhani mwili utaanguka kichwa kikikatwa. Kila kizuizi kilikuwa na mkutano wake, kila kisima kilikuwa na kamati yake, na kila mfereji ulikuwa na msimamizi wake. Maofisa wa kampuni walikuwa wamekwisha kuondoka mjini baada ya polisi kusema hawawezi kuwahakikishia usalama. Jumatatu tarehe 10 Aprili makubaliano yalitiwa saini: kampuni inaondoka, SEMAPA inarudi. Siku iliyofuata bunge lilipitisha sheria namba 2066, iliyozitambua haki za desturi na mifumo ya maji ya wananchi.

Ilibaki kesi. Aguas del Tunari ilikuwa imehamishia umiliki wake Uholanzi mwishoni mwa 1999, na kwa kutumia mkataba wa uwekezaji kati ya Uholanzi na Bolivia ikaishtaki nchi mbele ya ICSID, baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia. Mashirika zaidi ya 300 ya nchi mbalimbali yaliomba milango ya shauri hilo ifunguliwe. Tarehe 19 Januari 2006 wawekezaji waliachana na madai kwa malipo ya boliviano 2. Msomaji wa Tanzania atakumbuka ya City Water, kampuni binafsi iliyopewa maji ya Dar es Salaam: mkataba wa miaka 10 ulioanza Agosti 2003, ukavunjwa na serikali yenyewe Mei 2005. Biwater Gauff, mwenye hisa wake mkuu, nayo ilikwenda ICSID, na hukumu ya Julai 2008 ilisema Tanzania ilikiuka mkataba wa uwekezaji, lakini haikumpa mwekezaji fidia yoyote. Dar es Salaam hapakuwa na barabara zilizofungwa wala kijana aliyepigwa risasi, ila karatasi za mwisho zilisomewa katika baraza lilelile.

Siku ya 5: Njia ya Misicuni

Kwenda na kurudi huchukua siku nzima kwa gari lenye nguvu, barabara ni ya mlima na baridi ni kali. Mradi huu unaokoa bonde kwa kuutoboa mlima: maji hukusanywa upande wa pili wa safu ya Tunari na kupitishwa katika handaki la zaidi ya kilomita 19. Ukuta wa bwawa una kimo cha mita 120. Uliahidiwa kwa miongo, ukabebeshwa kwenye mkataba wa 1999, na bwawa likakamilika mwaka 2017, kwa fedha za umma.

Anayetazama bwawa hili afikirie tena mapipa ya Siku ya 1. Maji yakifika kwenye mlango wa mji bado yanahitaji mabomba makuu, matangi ya kugawia na mitaro ya mitaani. SEMAPA ilirudi mikononi mwa umma ikiwa na mabomba chakavu yaliyopoteza karibu nusu ya maji, na ikiwa na desturi yake ya kuajiri kwa undugu na kwa chama. Mwaka 2002 wakazi walipewa kuchagua baadhi ya wajumbe wa bodi. Waliojitokeza kupiga kura walikuwa wachache sana. Kamati za kusini hazikungoja. Mwaka 2004 zilianzisha umoja wao, ASICASUDD, ili kununua mabomba kwa pamoja na kudai maji ya jumla ambayo kamati zenyewe zingeyagawa mtaani.

Siku ya 6: Barabara ya Oruro

Basi la kwenda La Paz huchukua saa 7 au 8 kupitia Oruro. Ni siku ya kukaa kitini, na dirisha linaeleza kwa nini kufunga barabara kuna nguvu kiasi hiki. Cochabamba iko katikati ya njia kati ya La Paz na Santa Cruz. Barabara inapanda kwa kona za kukunjana, ukuta wa mwamba upande mmoja na shimo upande wa pili, na hakuna njia ya kuchepuka.

Kizuizi imara hakina ukuta mmoja mkubwa. Mawe hutawanywa kwa kilomita nyingi, hapa rundo, pale gogo, mbele tairi zinazowaka. Askari wakisafisha sehemu moja, nyuma yao inafungwa tena. Watu hukaa kwa zamu za vijiji, na aliyezoea kulinda mfereji saa nane usiku anaijua kazi hii tayari. Magari ya wagonjwa hupitishwa. Udhaifu wake nao unajulikana: chakula hupanda bei mjini, na wa kwanza kuumia ni maskini walewale wanaotetewa, maziwa na mboga za wafungaji wenyewe huharibika. Kwa hiyo kizuizi kina muda wake, na madai yasipokuwa machache na ya wazi, watu huchoka kabla ya serikali.

Siku ya 7: El Alto

Tembea polepole, kunywa maji kidogo kidogo, usibebe mzigo mkubwa.

Hapa kampuni ilikuwa Aguas del Illimani, yenye mwenye hisa mkuu Suez ya Ufaransa, kwa mkataba wa 1997. Mkataba huu ulisifiwa kwamba unawafikia maskini, na bili za mwezi hazikuwa kilio kikuu. Kilio kilikuwa gharama ya kuunganishwa: maji na maji taka pamoja dola 445, karibu mishahara 8 ya kima cha chini. Kilio cha pili kilikuwa neno moja katika mkataba, eneo la huduma. Kampuni ilipaswa kuwafikia walio ndani ya eneo hilo. Mitaa mipya iliyoota nje ya mstari haikuihusu. Kampuni iliweza kusema, kwa ukweli wa karatasi, kwamba imetimiza lengo, huku maelfu ya nyumba zikichota visimani.

Shirikisho la mabaraza ya mitaa, FEJUVE, liliandika barua na kujadiliana kwa miezi kabla ya kuitisha mgomo wa jumla tarehe 10 Januari 2005. Mji ulifungwa. Ndani ya siku 3 rais Carlos Mesa alikuwa ametoa amri ya kuanza kuuvunja mkataba. Kumwondoa mbia kwenye karatasi kulichukua karibu miaka 2 zaidi, na shirika la umma EPSAS lilishika kazi Januari 2007. Mwaka 2010 ni Bolivia iliyopeleka azimio mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kutambua maji safi kuwa haki ya binadamu. Lilipita tarehe 28 Julai kwa kura 122, bila ya kupinga, nchi 41 zikijizuia.

Mchana, ukitazama kaskazini kutoka ukingo wa mji, unauona mlima Chacaltaya. Barafu yake ya kudumu, iliyokuwa na njia ya kuteleza kwa ski, ilitoweka kabisa mwaka 2009. Novemba 2016 mabwawa yanayolisha sehemu za La Paz yalikauka karibu yote, na mitaa 94 ikakatiwa maji kwa siku kadhaa chini ya shirika la umma ambalo halikuwa limewaonya wateja wake. Mkuu wa EPSAS aliondolewa. Maboza yaliingia katika mitaa ya watu wa tabaka la kati ambayo haijawahi kuyaona, na watu wakatoka na ndoo wakapanga foleni, huku wakiulizana ni nani mwenyekiti wa baraza la mtaa wao, maana hawakuwa wamewahi kumhitaji.